Pongezi Baada ya Kura: Karnataka 2023 na Swali la Nani Aliyeleta Ushindi

Pongezi ambazo viongozi wa chama hupeana baada ya kushinda uchaguzi wa jimbo huchukuliwa na watu wengi kuwa adabu ya kawaida tu, jambo la kujaza siku chache kati ya kutangazwa kwa matokeo na kuapishwa kwa serikali, na kwa sababu hiyo magazeti huziandika kwa mistari michache na kuziacha. Lakini katika nchi ambayo mkuu wa serikali ya jimbo hachaguliwi moja kwa moja na wapiga kura, bali hupatikana baada ya chama kilichoshinda kukaa na kuamua, pongezi hizo ni sehemu ya uamuzi wenyewe, kwa maana anayetajwa kwanza, anayetajwa sambamba na mwingine, na anayeachwa bila kutajwa, wote hupimwa kwa makini na kila mwanachama mwenye kutarajia cheo. Uchaguzi wa Mei 2023 katika jimbo la Karnataka, kusini mwa India, ni mfano ulio wazi kuliko mingi, kwa sababu ushindi ulikuwa mkubwa, wadai wa sifa walikuwa wawili, na siku tano nzima zilipita kabla ya chama kusema ni nani hasa aliyestahili kupongezwa kama mshindi.

India ni shirikisho la majimbo 28 pamoja na maeneo mengine machache yanayosimamiwa kwa karibu zaidi na serikali kuu. Jimbo katika maana hii si eneo la mbunge mmoja, kama wasomaji wa Tanzania walivyozoea, bali ni mithili ya nchi ndani ya nchi, lenye bunge lake, bajeti yake, polisi wake na mara nyingi lugha yake. Karnataka, ambayo mji wake mkuu ni Bengaluru na lugha yake kuu ni Kikannada, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 60 tangu sensa ya 2011, na bunge lake lina wajumbe 224 wa kuchaguliwa, hivyo chama kinahitaji viti 113 ili kitawale peke yake. Juu ya serikali hiyo yupo gavana, ambaye kinyume na gavana wa kaunti nchini Kenya hapigiwi kura na wananchi, bali huteuliwa na Rais wa India na madaraka yake mengi ni ya heshima. Mwenye nguvu halisi ni Waziri Kiongozi, cheo ambacho jina lake si geni Zanzibar, kilikodumu hadi 2010, na Katiba ya India inamtaka gavana amteue mtu anayeungwa mkono na wabunge walio wengi. Katiba haisemi ni kwa njia gani chama kitampata mtu huyo, na hapo ndipo siasa za pongezi zinapoanzia.

Kura zilipigwa tarehe 10 Mei na kuhesabiwa tarehe 13. Kwa kuwa India hutumia mashine za kielektroniki, mwelekeo hujulikana asubuhi na mshindi hujulikana kabla jua halijazama, jambo linaloufanya mchana wa kuhesabu kura uwe kama sherehe ya arusi ambayo ndoa yake bado haijafungwa. Chama cha Congress kilipata viti 135, Bharatiya Janata Party, kifupi BJP, kilichokuwa kikitawala jimbo hilo na serikali kuu ya Delhi, kikabaki na 66, na Janata Dal (Secular), chama cha kikanda cha familia ya waziri mkuu wa zamani H. D. Deve Gowda, kikashuka hadi 19. Tangu 1989 hakuna chama kilichokuwa kimepata viti vingi kiasi hicho katika jimbo hilo. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 73 ya walioandikishwa, na Congress ilipata kidogo chini ya asilimia 43 ya kura zote dhidi ya asilimia 36 za BJP, pengo la kawaida tu ambalo mfumo wa mshindi kuchukua kiti uliligeuza kuwa ushindi wa kishindo.

Mbele ya ofisi za chama huko Bengaluru na Delhi mambo yalikwenda kama desturi inavyotaka. Makada walipiga ngoma, wakalipua fataki, wakalishana ladu na kupakana unga wa rangi, huku viongozi wakivishwa makoja ya maua, shali na kilemba cha Mysuru, ambacho katika sehemu hiyo ya India ni alama ya kumheshimu mtu hadharani. Karnataka ina mtindo wake hata katika hayo: wakati wa kampeni viongozi wakubwa huvishwa makoja ya matufaha yenye uzito usiobebeka na mtu mmoja, yakining'inizwa kwa kreni juu ya barabara. Ukubwa wa koja hauna maana ya mapenzi peke yake, kwani aliyeligharimia hupenda kuonekana pembeni ya aliyevishwa, na picha hiyo huwekwa kama ushahidi siku ya kuomba nafasi itakapofika.

Pongezi kutoka nje ya chama nazo zilikuwa na lugha yake. Basavaraj Bommai wa BJP, aliyekuwa Waziri Kiongozi, alikubali kushindwa siku ileile na kumkabidhi gavana barua ya kujiuzulu. Waziri Mkuu Narendra Modi alitoa ujumbe mfupi wa kuipongeza Congress na kuitakia heri katika kutimiza matarajio ya wananchi, na akaandika ujumbe mwingine wa kuwashukuru makada wa chama chake kwa kazi waliyoifanya, jambo la busara kwa kiongozi ambaye mwenyewe alikuwa ameongoza misafara na mikutano mingi ya kampeni jimboni humo na ambaye asingependa wenye kushindwa waanze kunyoosheana vidole. Ujumbe uliosomwa kwa makini zaidi ni wa Mamata Banerjee, Waziri Kiongozi wa Bengal Magharibi, ambaye aliwasifu watu wa Karnataka kwa kuchagua mabadiliko bila kulitaja jina la Congress hata mara moja. Chama chake na Congress vilikuwa vikipimana ni nani angeongoza upinzani katika uchaguzi mkuu wa 2024, kwa hiyo kumpongeza mpiga kura na kumruka aliyepigiwa kura kulimwezesha kushangilia anguko la BJP bila kumpa mshindani wake ngazi ya kupandia. M. K. Stalin wa Tamil Nadu, ambaye chama chake kilikuwa mshirika wa kweli wa Congress, aliitaja Congress waziwazi na kufurahi kwamba majimbo ya kusini yenye lugha za Kidravidi yamebaki bila serikali ya BJP.

Ndani ya Congress yenyewe kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu huko hakuna aliyeweza kurukwa bila gharama. D. K. Shivakumar, mwenyekiti wa chama jimboni tangu 2020, alijitokeza mbele ya waandishi siku ya matokeo na kulia, akikumbusha kwamba aliwaahidi Sonia Gandhi, Rahul Gandhi, Priyanka Gandhi na mwenyekiti wa taifa Mallikarjun Kharge kwamba angewaletea Karnataka, na kwamba hawezi kusahau jinsi Sonia Gandhi alivyomtembelea gerezani. Alikuwa ameshikiliwa mwaka 2019 katika gereza la Tihar, Delhi, kwa tuhuma za kifedha alizozikana, na kesi hiyo ilikuja kutupwa na Mahakama ya Juu Machi 2024. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na hakuna sababu ya kuyabeza, lakini ndani yake mlikuwamo pia hoja iliyojengwa vizuri: shukrani zilielekezwa juu, kwa familia yenye sauti ya mwisho katika chama, na aliyeshukuru alijieleza kuwa mtu aliyeahidi, akateseka, akatimiza.

Mwenzake, Siddaramaiah, alikuwa na hoja ya namna nyingine. Yeye aliwahi kuwa Waziri Kiongozi kuanzia 2013 hadi 2018, alikuwa kiongozi wa upinzani bungeni, na nguvu yake ilitoka chini, kwenye muungano wa makundi yanayoitwa kwa kifupi Ahinda, yaani jamii za wachache wa kidini, matabaka yaliyoachwa nyuma na Wadaliti, ambao ni watu wa matabaka yaliyonyanyaswa zaidi katika mfumo wa kale wa Kihindu. Alikuwa amehamia Congress mwaka 2006 akitokea Janata Dal (Secular), ilhali Shivakumar alikulia katika chama na alikuwa ndiyo kwanza ameshinda ubunge kwa mara ya nane. Wafuasi wa Siddaramaiah walidai kwamba wabunge wengi wapya walikuwa upande wake. Shivakumar alijibu kwamba yeye hana kundi, kwamba nguvu yake ni wabunge wote 135, kwa kuwa wote walishinda chini ya uenyekiti wake. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini Congress ilihitaji wote wawili wakae humo, kwani hata kadi za ahadi zilizogawiwa kwa familia wakati wa kampeni zilikuwa na saini za wote wawili.

Tarehe 14 Mei wabunge wateule walikutana Bengaluru mbele ya waangalizi watatu waliotumwa na uongozi wa juu kutoka Delhi. Mkutano wa namna hiyo kwa kawaida huanza na maazimio ya shukrani: kwa wapiga kura, kwa viongozi wa taifa, kwa makada. Kisha likapitishwa azimio la mstari mmoja, chombo ambacho mtu asiyezijua siasa za India anaweza kukishangaa. Badala ya wabunge kutaja jina la kiongozi wao, azimio hilo linamkabidhi mwenyekiti wa taifa mamlaka ya kumteua, na maoni ya kila mbunge huchukuliwa faraghani na waangalizi na kupelekwa Delhi bila kutangazwa. Faida yake ni kwamba hakuna anayeshindwa kwa kura hadharani. Hasara yake ni kwamba aliyechaguliwa na wananchi wa Karnataka anageuka mtoa ushauri kuhusu nani aiongoze Karnataka, na mara nyingi chama hicho kimelipa gharama ya utaratibu huo.

Mfano mchungu zaidi ni wa 1989. Mwaka huo Congress ilishinda viti 178 katika jimbo hilohilo chini ya Veerendra Patil, mwanasiasa wa jamii ya Lingayat, jamii kubwa ya kidini na kijamii ambayo kura zake zina uzito mkubwa kaskazini mwa Karnataka. Alipongezwa kwa ushindi huo. Haukupita mwaka mzima wa uongozi wake: Oktoba 1990, wakati Patil akiugua na jimbo likiwa limekumbwa na machafuko ya kidini, Rajiv Gandhi alitangaza akiwa uwanja wa ndege wa Bengaluru kwamba kiongozi angebadilishwa, na S. Bangarappa akachukua nafasi yake. Wachambuzi wengi huanzia hapo wanapoeleza jinsi kura za Lingayat zilivyoihama Congress na hatimaye kuwa nguzo ya BJP jimboni, ingawa haingekuwa haki kulibebesha tukio moja mzigo wa mabadiliko yaliyochukua zaidi ya muongo mmoja.

Mwaka 2013 nao ulikuwa na kejeli yake. Congress ilipata viti 122, lakini mwenyekiti wa chama jimboni, G. Parameshwara, ambaye kwa desturi angekuwa wa kwanza kupongezwa, alishindwa katika eneo lake mwenyewe, hivyo akasherehekea ushindi wa chama asichoweza kukiongoza bungeni. Wabunge walipiga kura ya siri, na Siddaramaiah akamshinda Mallikarjun Kharge, Mdaliti mwenye utumishi mrefu ambaye alikuwa amewahi kukaribia cheo hicho zaidi ya mara moja na kukikosa. Miaka 10 baadaye Kharge huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa taifa, na azimio la mstari mmoja liliweka mikononi mwake uamuzi wa kumpa au kumnyima Siddaramaiah cheo alichokosa yeye mwenyewe. Hakuna dalili kwamba aliitumia nafasi hiyo kulipiza, na jambo hilo pengine linastahili pongezi kuliko mengi yaliyosemwa wiki ile.

Mazungumzo ya Delhi yalichukua muda. Tarehe 15, siku aliyotimiza miaka 61, Shivakumar aliahirisha safari kwa kueleza kwamba tumbo linamsumbua, akaenda kesho yake. Huku nyuma viongozi wa jamii mbalimbali, Walingayat, Wadaliti na Waislamu miongoni mwao, walianza kukumbusha hadharani idadi ya viti vilivyotokana na kura zao na kudai unaibu wa Waziri Kiongozi. Madai hayo nayo yalikuja yamevikwa pongezi: kwanza chama kilisifiwa kwa ushindi, halafu kikaelezwa kwamba usingepatikana bila jamii fulani. Aliyekuwa nje ya mvutano wote huo ni Rahul Gandhi, ambaye viongozi wa pande zote waliafikiana kumsifu kwa matembezi yake ya miguu kutoka ncha ya kusini ya India hadi Kashmir, yaliyopita Karnataka mwezi Oktoba 2022. Sifa aliyopewa haikumnyang'anya mtu yeyote cheo, na ndiyo maana ilitolewa kwa ukarimu.

Tarehe 18 Mei chama kikatangaza kwamba Siddaramaiah atakuwa Waziri Kiongozi, na Shivakumar atakuwa naibu pekee, akibaki na uenyekiti wa jimbo hadi uchaguzi mkuu wa 2024 utakapokwisha. Neno “pekee” ndilo lililokuwa fidia yake, kwa kuwa lilifunga mlango kwa manaibu wengine waliokuwa wakidaiwa. Picha iliyotolewa ilimwonyesha Kharge akiwa katikati, ameishika mikono ya wote wawili na kuiinua juu, na hiyo ndiyo iliyokuwa pongezi rasmi ya chama, iliyopangwa ili jicho lisiweze kumtofautisha wa kwanza na wa pili.

Kuapishwa kulifanyika tarehe 20 katika uwanja wa michezo wa Kanteerava, pamoja na mawaziri wanane wa mwanzo, na wengine 24 wakaapishwa wiki moja baadaye, hata jumla ikafika 34. Idadi hiyo haikutokana na ukarimu wa mtu. Marekebisho ya Katiba ya 2003 yanaweka ukomo wa mawaziri usiozidi asilimia 15 ya wajumbe wa bunge, na kwa bunge la watu 224 ukomo huo huhesabiwa kuwa 34. Hivyo wabunge zaidi ya 100 kati ya washindi 135 waliopongezwa kwa pamoja walibaki bila uwaziri, na kwa chama ambacho serikali yake ya muungano ilikuwa imeanguka Julai 2019 baada ya wabunge 17 kuasi, hilo si jambo la kupuuzwa. Dawa iliyotumika ni ya zamani: mashirika na bodi za serikali, ambazo uenyekiti wake huja na gari, ofisi na wakati mwingine hadhi sawa na ya waziri. Januari 2024 wabunge zaidi ya 30 walipewa nafasi hizo, na baadaye zikafuata za makada wa chama, wale ambao ndio waliozunguka nyumba kwa nyumba katika jimbo lenye vituo vya kupigia kura zaidi ya 58,000. Wao ndio wanaotajwa katika kila hotuba ya ushindi na ndio wanaosubiri muda mrefu zaidi.

Mpiga kura naye alikuwa na njia yake ya kuzipima shukrani. Congress ilikuwa imeahidi mambo matano: umeme wa bure hadi yuniti 200 kwa mwezi, rupia 2,000 kila mwezi kwa mwanamke anayeongoza kaya, kilo 10 za nafaka kwa kila mtu katika familia maskini, posho kwa vijana waliohitimu wasio na kazi, na usafiri wa bure wa wanawake katika mabasi ya serikali. Baraza la mawaziri liliyaidhinisha kimsingi siku ileile ya kuapishwa, na mabasi yakaanza kuwabeba wanawake bila nauli tarehe 11 Juni. Ahadi ya nafaka ilikwama kidogo kwa sababu serikali kuu haikuiuzia Karnataka mchele wa ziada uliohitajika, na kwa muda jimbo likawa linalipa sehemu hiyo kwa fedha taslimu.

Siku moja baada ya kuapishwa, Siddaramaiah alitangaza kwamba hatapokea tena maua wala shali kutoka kwa wanaotaka kumheshimu, na kwamba mwenye mapenzi ya kumpa zawadi ampe kitabu. Tangazo hilo lilisifiwa, na kwa haki, kwani fedha nyingi hupotea katika makoja yanayonyauka kabla ya jioni. Hata hivyo kitabu nacho hupigwa picha, na foleni ya wenye kupongeza haikufupishwa na badiliko la kilichobebwa mkononi.

Mwaka uliofuata, katika uchaguzi wa bunge la taifa, Karnataka ilichagua wabunge 28, na Congress ikapata 9 tu, huku BJP ikipata 17 na mshirika wake mpya, Janata Dal (Secular), wawili. Wapiga kura walitenganisha chaguzi hizo mbili kama walivyokwisha kufanya mara kadhaa huko nyuma, na ukomo wa uenyekiti wa Shivakumar, uliokuwa umefungwa kwenye uchaguzi huo, ulipita bila yeye kubadilishwa. Uvumi kwamba wawili hao walikubaliana kugawana muhula kila mmoja miaka miwili na nusu haukuwahi kuthibitishwa rasmi, lakini ulipanda sana Novemba 2025, nusu ya muhula ilipotimia, hata wakaalikana kifungua kinywa, kwanza nyumbani kwa Siddaramaiah na siku chache baadaye nyumbani kwa Shivakumar. Waandishi waliosubiri nje waliambiwa na wote wawili kwamba hakuna tofauti kati yao na kwamba watafuata lolote litakaloamuliwa na uongozi wa juu.